Kila Buloni na Kipimo Chake



Wengi wenu si mafundi wa moteri, na labda mtauliza: habari za buloni zaingiaje katika gazeti la Wakristu? Jibu letu ni fupi. Ninyi nyote mwapanda kamio. Mwapanda kwenda sokoni, mwapanda kupeleka mgonjwa hospitali, mwapanda kwenda matangani kwa ndugu, mmekaa juu ya magunia pamoja na watoto wenu. Mkiisha kupanda, uhai wenu washikwa na vyuma vidogo msivyoviona. Vyuma hivyo vilikazwa na mtu msiyemjua, siku msiyoijua. Je, alivikaza kwa kipimo, au alibahatisha? Hilo ndilo tutakalo kueleza leo, kwa maana tumefanya kazi hiyo miaka mingi katika garaji ya misioni, nasi tumeona matunda ya kipimo na matunda ya kubahatisha.

Kwanza tufahamu buloni hufanya kazi gani. Moteri ya kamio si chuma kimoja, ni vyuma vingi vilivyounganishwa. Juu kuna kichwa cha moteri, ambacho mafundi wetu hukiita kilasi kwa kufuata Kifaransa. Chini ya kichwa kuna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni. Kati ya kichwa na silinda hulazwa jwenti, ndilo bamba jembamba lizuialo moto, maji na mafuta visichanganyike. Kila pistoni ina mkono wake wa chuma, uitwao biele, nao umefungwa kwa buloni kwenye mti mkuu wa chuma uzungukao chini. Moteri ikizunguka mara 2400 kwa dakika, kila pistoni yapanda na kushuka mara 40 kwa sekunde moja. Fikirini basi taabu ya zile buloni ndogo za biele: zavutwa na kuachwa, zavutwa na kuachwa, mara 40 kwa muda wa kutamka «Amina».

Watu wengi hudhani kwamba buloni hushika kwa sababu ni ngumu na imezungushwa mpaka mwisho. Sivyo. Mtazameni kijana anayefunga gunia la makaa juu ya baisikeli. Hutumia ukanda wa mpira uliokatwa katika gurudumu la zamani. Auvuta kwanza, ndipo aufunga. Gunia lashikwa kwa sababu mpira umevutika nao wataka kurudi. Akiufunga bila kuuvuta, gunia litaanguka kwenye shimo la kwanza. Akiuvuta kupita kiasi, mpira wakatika, au walegea usirudi tena katika urefu wake. Buloni ni kama mpira huo. Ni chuma, lakini ikikazwa huvutika kidogo sana, kadiri ya unene wa nywele mbili tatu, na kwa kuvutika huko yabana vyuma viwili pamoja. Isipokazwa ya kutosha, moto wa silinda wapenya kwenye jwenti na maji yaingia katika mafuta. Ikikazwa kupita kiasi, yavutika isirudi, au yakatika, au yang'oa meno yaliyochongwa katika chuma cha moteri, na hapo hasara ni kubwa.

Mtengenezaji wa moteri alikwisha kupima hayo yote. Aliandika katika kitabu chake: buloni hii, nguvu kadiri hii. Lakini tarakimu hiyo hakuichapa juu ya buloni yenyewe. Ni kweli kwamba buloni nyingi zina tarakimu kichwani, kama 8.8, 10.9 au 12.9, na vijana wengine hudhani kwamba ndiyo nguvu ya kukazia. Wanakosea. Tarakimu 8.8 yasema habari za chuma chake: chaweza kuvutwa kwa nguvu ya niutoni 800 kwa kila milimeta mraba kabla ya kukatika, na kikifika sehemu nane katika kumi za nguvu hiyo, yaani 640, chaanza kunyoka pasipo kurudi. Ile ya 10.9 yaanza kunyoka kwenye 900 na kukatika kwenye 1000. Tarakimu hizo zaonyesha buloni ni ya ukoo gani. Kwa hiyo, mtu asichukue buloni yoyote ya sokoni akaitia mahali pa buloni ya biele kwa sababu tu imeingia katika tundu. Lakini kipimo cha kukazia hakimo humo. Hicho lazima kitafutwe.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka 2019 ililetwa kwetu kamio ya parokia moja ya barabara ya Kasenga. Ilikuwa Mitsubishi Fuso yenye kazi nyingi: hubeba mbegu na mbolea ya wakulima, saruji ya shule, samaki wa Luapula, na wagonjwa pia wakiwapo. Maji yake yalichemka kila kilima, na mafuta yake yalikuwa yamegeuka rangi kama chai ya maziwa. Fundi mmoja wa njiani alikuwa ameifungua moteri miezi michache kabla. Tulipoifungua sisi, tuliona buloni tatu za upande mmoja zafunguka kwa mkono mwepesi. Moja ya upande wa pili ilikuwa imevutwa hata katikati yake imekonda. Jwenti ilikuwa imeungua pale pale palipolegea.

Mtu yule hatumtaji wala hatumhukumu. Labda hakuwa na kitabu wala spana ya kupimia nguvu, na huenda mwenye safari alimsimamia kichwani akimharakisha. Lakini parokia ililipa mara mbili. Tena, safari moja kamio ile ilizimika porini usiku kucha, na juu yake alikuwamo mama mjamzito aliyepelekwa hospitali. Alijifungua huko huko, akisaidiwa na mama wenzake kwa mwanga wa simu. Mungu asifiwe, yeye na mtoto walipona. Lakini mambo kama hayo hayaishi vizuri siku zote, nanyi mwajua.

Sasa ilitubidi kuifunga moteri upya. Vipuri vilipatikana Lubumbashi. Kilichokosekana ni tarakimu. Mvua zilikuwa karibu, na mbegu za mahindi zilikuwa bado ghalani mjini. Mwenyekiti wa shirika la wakulima alifika garajini kila asubuhi.

— Mafundi, kuna nini tena? Jwenti imefika, buloni mpya zimefika. Kazeni basi, tuondoke!

Mzee wetu wa kazi, ambaye sote twamwita Baba Fundi, alimjibu kwa upole:

— Mwenyekiti, utuvumilie. Twatafuta kipimo.

— Kipimo gani, Baba? Wewe umefunga moteri tangu wakati wa Mobutu. Mkono wako haujui?

— Mkono wangu wajua kazi. Lakini haujui kuhesabu.

Kisha akatuita sote karibu na moteri kuukuu iliyokufa zamani, iliyolala nyuma ya garaji. Akamwambia kila mmoja akaze buloni moja kwa spana ya kawaida mpaka aone kwamba imetosha. Tulipomaliza, alipita na spana ya kupimia nguvu, buloni moja moja, akatusomea. Kati ya mwenye mkono mwepesi na mwenye mkono mzito tofauti ilikaribia mara mbili. Aliyekaza tena jioni, akiwa amechoka, hakurudia nguvu yake ya asubuhi. Baba Fundi mwenyewe alikaza buloni nne, nazo zilikaribiana kuliko za sisi sote, lakini hazikulingana.

— Mmeona, wanangu, akasema. Kichwa cha moteri hakitaki buloni zenye nguvu tu. Chataka buloni zilizo sawa.

Mwenyekiti alikuwa amesimama akitazama. Hakusema neno. Kesho yake alikuja tena, lakini safari hii aliuliza: «Kipimo kimeonekana?»

Kutafuta kipimo huanza kwa kujua jina. Watu walituambia: «Ni Fuso, tafuteni kitabu cha Fuso.» Lakini Fuso ni jina la ukoo, si jina la mtu. Mitsubishi walitengeneza moteri za silinda sita zilizofuatana, 6D14, 6D15 na 6D16. Katika zote tatu pistoni husafiri milimeta 115. Upana wa silinda ndio uliobadilika: milimeta 110, kisha 113, kisha 118. Hivyo ya kwanza ni ya lita 6.6 hivi, ya pili 6.9, ya tatu 7.5. Ukizitazama kwa nje, zafanana kama watoto wa mama mmoja. Kwa Mercedes-Benz ni vile vile: OM 321 ilikuwa na silinda za milimeta 95, na OM 352 iliyokuja baadaye ina 97. Asiyeuliza jina huchukua kipimo cha ndugu huyu akampa ndugu yule.

Tena, katika nchi yetu moteri huhama. Kamio huzaliwa na moteri moja na kuzeeka na nyingine. Kwa hiyo karatasi za gari hazitoshi, wala neno la shofere halitoshi. Shofere wetu aliapa kwamba yake ni 6D16. Tulichukua petroli na burashi, tukasugua ubavu wa moteri mpaka chuma kikawa cheupe, na namba iliyopigwa humo ikaonekana: 6D14. Shofere alicheka, akasema, «Kumbe miaka yote namwita mke wangu kwa jina la dada yake!» Sote tulicheka pamoja naye, lakini lilikuwa jambo la maana sana.

Jioni ile ile rafiki mmoja alituma kwa simu picha ya ukurasa wa kitabu. Tarakimu zilionekana vizuri. Mwanafunzi mmoja akaruka kwa furaha: «Baba, tumeipata!» Baba Fundi alivaa miwani yake, akatazama, akauliza: «Tumepata ya nani?» Kweli, sehemu ya juu ya ukurasa ilikuwa imekatwa. Jina la moteri halikuonekana. Ilikuwa kama barua isiyo na sahihi: habari yake yaweza kuwa kweli, lakini huwezi kuipeleka mbele ya hakimu. Tukaiweka kando.

Siku ya tatu tulipata jibu kutoka ng'ambo ya Luapula, katika nchi ya Zambia, kwa fundi mwenye kitabu kizima. Yeye alituma picha tatu: jalada la kitabu, ukurasa wenye jina la moteri, na ukurasa wa vipimo. Hivyo ndivyo ifaavyo kutuma. Lakini tulipolinganisha na ile picha ya kwanza, tarakimu zilikuwa mbali sana, moja ndogo, nyingine kubwa. Vijana walianza kubishana. Kumbe hapakuwa na ugomvi wowote kati ya vitabu vile. Vilisema neno moja kwa lugha mbili.

Jambo hili ni la lazima kulielewa, kwa maana hapa kwetu Katanga magari na vitabu hutoka pande zote. Nguvu ya kuzungusha buloni hupimwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni kilo kwa meta, ambayo imeandikwa mkg au kgm katika vitabu vya zamani vya Ulaya na katika vitabu vingi vya Japani. Ya pili ni ratili kwa futi, iandikwayo lb.ft, kipimo cha Waingereza na Wamarekani, nacho kimebaki katika vitabu vingi vinavyotoka upande wa Zambia. Ya tatu ni niutoni kwa meta, iandikwayo Nm. Hiyo ndiyo ya taratibu ya vipimo iliyopewa jina lake, SI, na mkutano mkuu wa vipimo uliofanyika Paris mwaka 1960, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru. Jina la niutoni latokana na mtaalamu Mwingereza Isaac Newton.

Shikeni mfano huu tu: 10 za kilo kwa meta ni sawa na 98 za niutoni kwa meta, na ni sawa na 72 za ratili kwa futi. Kitabu kimoja kikisema 10, cha pili 72, na cha tatu 98, vyote vitatu vimesema kweli. Lakini mtu akisoma ile 98 akaitia katika spana ya ratili na futi, atakaza kupita kiasi kwa zaidi ya theluthi moja, na buloni yaweza kukatika mkononi mwake. Akisoma ile 72 akaitia katika spana ya niutoni, atakaza pungufu kwa zaidi ya robo, na jwenti itaungua njiani. Tarakimu bila jina la kipimo chake ni hatari kuliko kukosa tarakimu, kwa sababu yampa mtu moyo wa kukosea pasipo kuogopa.

Tulichukua kalamu na karatasi, tukageuza kipimo cha kitabu cha Zambia. Ndipo ile picha isiyo na jina na kile kitabu chenye jina vikakubaliana. Hapo ndipo tuliposema: sasa twaweza kukaza.

Tarakimu yenyewe hatutaiandika hapa. Tungeiandika, kijana mmoja angelikata ukurasa huu wa gazeti akaubandika ukutani, na mwakani angekazia moteri ya namna nyingine kwa kipimo cha moteri yetu. Kila mmoja na amtafutie mgonjwa wake dawa yake.

Tena yafaa kusoma si tarakimu tu, bali na maneno madogo yaliyo kando yake. Je, buloni ipakwe mafuta au iwe kavu? Mafundi wengi hupita juu ya neno hilo kama kwamba si kitu. Lakini sikilizeni: katika sehemu 100 za nguvu ya mkono, karibu 50 hupotea kwa msuguano chini ya kichwa cha buloni, na karibu 40 hupotea katika meno yake. Zabaki 10 tu za kuivuta buloni. Basi kutu kidogo au mchanga kidogo wala hizo 10, na spana yasema «tayari» ingawa buloni haijabana. Kinyume chake, ukipaka mafuta palipoandikwa pawe pakavu, msuguano wapungua na buloni yavutwa mno. Spana haikudanganya, ila mtu hakusoma.

Vitabu vya moteri za siku hizi vina neno jingine: kaza mpaka nguvu fulani, kisha zungusha nyuzi 90, yaani robo ya duara. Hapo twatia alama ya chaki juu ya buloni na kuzungusha mpaka alama ifike mahali pake. Buloni za namna hiyo nyingi huvutwa hata karibu na mwisho wa uwezo wake, na kitabu husema zitumike mara moja tu, au chatoa urefu ambao zikiupita zitupwe. Kuna watu huzisafisha na kuziuza sokoni kama mpya. Mwenye kununua na apime urefu wake kwanza.

Siku ya kukaza tuligawana kazi. Kwanza tulisafisha matundu yote na kuyakausha, kwa maana maji au mafuta yakibaki chini ya tundu lisilo na njia ya kutokea, buloni ikishuka huyabana na yaweza kupasua chuma. Mmoja alishika karatasi na kusoma kwa sauti, mmoja akakaza, mmoja akatia chaki kwenye buloni iliyokwisha. Hatukuanza pembeni. Mmemwona mtengenezaji wa ngoma akiwamba ngozi: havuti upande mmoja mpaka mwisho, bali huvuta huku kidogo na kule kidogo, azunguka tena, azunguka tena, ngozi ikae sawa. Katika kichwa cha moteri twaanza katikati na kwenda nje, kwa kufuata hesabu iliyochorwa katika kitabu, na twazunguka mara tatu, kila mara twaongeza nguvu. Spana huvutwa polepole, si kwa kushtua, nayo haiongezwi bomba ili iwe ndefu. Kazi hiyo haikutimiza hata saa moja. Kutafuta kipimo kulitwaa siku tatu.

Kamio iliondoka, na mbegu zilifika vijijini kabla ya mvua ya Novemba. Kabla haijaondoka, Baba Fundi aliandika katika daftari la garaji: jina la moteri, namba yake, kitabu na ukurasa, tarakimu pamoja na jina la kipimo, mafuta au kavu, tarehe, na jina la aliyekaza. Kisha akaandika mambo yale yale juu ya karatasi ya pili, akaibandika ndani ya mlango wa kamio. Mwanafunzi akamwuliza: «Baba, ile ya mlangoni ni ya nani?» Akajibu: «Ni ya fundi atakayeifungua siku nyingine, mahali nisipokuwapo. Asipate taabu tuliyoipata sisi.» Twaona hilo lilikuwa tendo la mapendo kwa jirani, ingawa jirani mwenyewe hakujulikana.

Labda fundi mmoja wa kijijini atasema: «Ninyi mna spana ya kupimia nguvu, mimi sina.» Tumpe shauri. Chukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki au nyama sokoni, ambayo umeihakikisha kwanza kwa uzito unaojulikana. Funga kwenye spana mti wa chuma ulio mnyofu, na upime meta moja kamili kutoka katikati ya buloni mpaka mahali pa ndoano. Ukivuta kwa mizani ikisoma kilo 10, na kamba ikiwa imeupinga mti sawasawa kama mkono wa msalaba, umekaza 10 za kilo kwa meta. Kama mti ni wa nusu meta, uvute kilo 20. Vuta polepole, na mwenzako asome. Kazi yaenda taratibu, lakini kipimo ni kipimo. Umaskini wamnyima mtu spana nzuri, haumnyimi uangalifu.

Sasa turudi kwa ninyi nyote, mafundi na wasio mafundi. Wasalesiani wa Don Bosco walipofika Elisabethville mwaka 1911, hawakufundisha vijana vitabu tu, walifundisha na kazi za mikono. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na Yohane Paulo II, aliyeandika barua yake kubwa juu ya kazi ya binadamu mwaka 1981, alikuwa yeye mwenyewe amefanya kazi katika machimbo ya mawe na katika kiwanda huko Krakow wakati wa vita. Kanisa halikupata kuidharau mikono yenye mafuta meusi. Lakini lataka mikono hiyo iseme kweli.

Tunapotafuta dhambi zetu kabla ya kuungama, twakumbuka uongo wa kinywa. Je, twakumbuka uongo wa mkono? Fundi anayesema «imetosha» bila kujua kama imetosha ametoa ushuhuda asioujua. Maandiko Matakatifu yalaumu mizani ya uongo ya mfanyabiashara. Mwenye kukaza bila kipimo naye amepima kwa mizani isiyo ya kweli, na anayelipa si yeye. Analipa mama aliye juu ya magunia, usiku, porini. Mwuguzi anayekadiria dawa ya mtoto kwa macho, na mwashi anayepunguza saruji katika nguzo ya shule, wamesimama mahali pamoja na fundi huyo. Mambo yao hayaonekani siku ya kazi. Huonekana baadaye, wao wakiwa mbali.

Basi, ninyi wenye magari, msimharakishe fundi anayetafuta kipimo. Siku tatu za kungoja ni nafuu kuliko moteri mbili. Ninyi vijana mnaojifunza, msione haya kuuliza, kwa maana kuuliza si ujinga: ulizeni jina la moteri, ulizeni jina la kipimo, ulizeni mafuta au kavu, tafuteni shahidi wa pili. Mkiisha kupata, andikeni, na mwachieni mwenzenu. Nanyi mapadri na masista mnaotunza magari ya parokia, mnunueni vitabu vyake mapema, maadamu gari lingali zima, mkavihifadhi pamoja na karatasi zake. Kitabu ni cha bei ndogo kuliko moteri moja.

Mtakatifu Yosefu, aliyefanya kazi mbele ya macho ya Yezu, atuombee tufanye kazi zetu kama watu wanaotazamwa.